Norway Chess inakaribia na bado wanaadhibu sare za halali. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Leo nina hasira na sitaki kuificha. Norway Chess, yale mashindano makubwa ya sataranji kule Norway, ndiyo hayo yanabisha hodi, na waandaaji bado wameng'ang'ania armagedoni yao, yaani mchezo wa haraka wa kumpata mshindi baada ya sare, waliyoanza nayo 2019. Mkitoka sare kwenye mchezo mrefu, hamwendi kulala. Mnapanga kete upya, mweupe (mwenye kete nyeupe) anapewa dakika 10, mweusi dakika 7, na ikiwa sare tena mweusi anahesabiwa kashinda. Ushindi wa mchezo mrefu ni pointi 3. Mkitoka sare kila mmoja anachukua 1, na mshindi wa armagedoni anaongezewa nusu.

Hebu rudieni hapo kwa mweusi. Watu wametangaza vita dhidi ya sare, halafu wamemweka mezani mchezaji ambaye sare ndiyo ushindi wake! Anafunga njia zote, anabadilishana kete, anasubiri saa ya mwenzake iishe. Ndiyo burudani tunayokeshea hii na kuchomea bando?

Na kuna ubaya mwingine. Anayejiamini kwenye mchezo wa haraka hana sababu ya kujihatarisha kwenye ule mrefu. Anatuliza mambo, anachukua pointi yake 1, anakwenda kumalizia kwenye dakika 10. Kanuni iliyoletwa kuua sare inamfundisha mtu kuitafuta mapema.

Kinachoniuma hasa ni kuchanganya sare ya jasho na sare ya magumashi. Kumbukeni London 2018, Carlsen na Caruana wakigombea ubingwa wa dunia, michezo 12 mirefu yote sare. Watu walitukana weee, eti sataranji imekufa. Lakini nani kati yao aliufuata ule mchezo wa kwanza? Hatua 115, karibu saa saba. Carlsen ana nyeusi na amemkaba mwenzake koo, Caruana anahangaika na saa, kila mtu anajua kaisha. Hakuisha. Akajitetea hatua baada ya hatua mpaka akapona. Mtu kama huyo unamwambia kazi yake haina thamani mpaka akapige ngumi za dakika 10?

Mimi mwenyewe ni mchezaji wa kawaida tu wa mtaani. Mwaka jana nilibaki na ngome peke yake dhidi ya mpinzani mwenye ngome na askari mmoja. Ngome yangu nikaiweka mstari wa tatu kuhesabu kutoka upande wangu, mfalme wake akawa hana pa kupita. Nikaganda hapo. Alipochoka akamsogeza askari mbele, na hapo hapo nikaikimbiza ngome mpaka mwisho wa ubao, upande wake, nikaanza kumtisha mfalme kwa nyuma, cheki juu ya cheki, na askari wake kashatangulia hawezi tena kumkinga. Ulinzi huo ni wa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Nilitetemeka mikono wakati wa kusaini karatasi. Ile nusu pointi, ambayo ndiyo malipo ya sare kwa hesabu ya kawaida, ni yangu, nimeifanyia kazi, na sikubali mtu aniambie hakuna kilichotokea.

Wezi wa sare wapo, na wanajulikana. Curaçao 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Petrosian, Keres na Geller wa Urusi ya Kisovieti walicheza wao kwa wao michezo 12 na yote ikawa sare, Mmarekani Fischer, aliyeshindana nao, akapiga kelele kwamba wamepanga, dunia nzima ikasikia. Mwaka 2005 kule Sofia, Bulgaria, wakaja na dawa nzuri: hakuna kumwomba mwenzako sare, chezeni. Naiunga mkono kabisa. Shida ni tundu moja lililobaki, kurudia hali ileile ya ubao mara tatu, ambako kunahesabiwa sare. Kuna njia moja kwenye ulinzi wa Berlin, namna mojawapo ya kuanza mchezo, wakubwa wanaijua kwa kichwa: malkia mweupe anakwenda mraba wa e4 kwa cheki, mweusi anakinga kwa malkia wake e6, mweupe anarudi d4, mweusi anarudi d6, tena, tena, kwisha. Hatua 14 na watu wanapeana mikono. Huo ndio wizi, na hapo ndipo pa kukaba.

Na mwamuzi akitaka anaweza. Samarkand, Desemba 2023, kwenye ubingwa wa dunia wa blitz, yaani sataranji ya dakika chache, Warusi Dubov na Nepomniachtchi walizungusha farasi kama wanacheza ngoma, wakajipa sare. Wote wawili wakapewa sifuri. Safi sana! Hakuna aliyehitaji armagedoni.

Mtaniambia watazamaji wanataka mshindi kila siku. Simba na Yanga wakitoka sare kwenye ligi, nani anawabakiza uwanjani wapige penalti ili aliyefunga moja aongezewe nusu pointi? Sare inaandikwa sare, msimamo wa ligi unaendelea, na uwanja ulikuwa umejaa.

Nachotaka ni kidogo. Kanuni ya Sofia ibaki, mwamuzi apewe meno kwa wanaorudia hatua za kukariri, na armagedoni ihifadhiwe kwa siku ya mwisho endapo wawili wamefungana kileleni. Mnaoitetea, karibuni hapa chini. Ila kabla hujaandika, nenda kautazame ule mchezo wa hatua 115 wote, kisha uje uniambie ungemnyima nani kati yao pointi yake.