Natengeneza programu ya simu ya kupima nyayo za kaboni, watumiaji wananikimbia. Naomba ushauri

Nyayo_Kimya:
Wakuu, salaam. Niende kwenye mada.

Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kutengeneza programu ya simu inayomwonyesha mtu nyayo zake za kaboni, yaani gesi za kuongeza joto duniani zinazotokana na maisha yake. Unajaza ulivyosafiri, umeme uliotumia na ulichokula, nayo inakupa kilo za gesi hizo, hasa hewa ukaa, kwa siku. Niligawia watu kama thelathini waijaribu. Wiki ya kwanza walijaza kwa bidii. Wiki ya tatu wamebaki wanne, na mmoja ni mdogo wangu, huyo namlazimisha.

Maswali ni mengi, hilo nalijua. Nawaza kuwasha GPS (ya kujua simu iko wapi) muda wote ili simu ijaze safari yenyewe. Ila kinachoniumiza zaidi ni kwamba watu hawaziamini namba. Mmoja kaniandikia: "Lita ya petroli haifiki hata kilo moja, wewe unasema imetoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Hizo za ziada umezitoa wapi?" Nikampa jibu la kitabuni, akaifuta programu.

Nifanyeje?

Kipimajoto:
Huyo jamaa mshukuru, kauliza swali ambalo wengine wameliweka moyoni wakaondoka kimya.

Jibu lake ni jepesi. Petroli karibu yote ni kaboni na haidrojeni. Ikiungua, kila atomu ya kaboni inajinyakulia atomu mbili za oksijeni kutoka hewani. Kaboni uzito wake 12, oksijeni mbili ni 32, jumla 44. Gawa 44 kwa 12: kilo moja ya kaboni inazaa kama kilo 3.67 za hewa ukaa. Uzito wa ziada haukuwa kwenye tangi, umetoka hewani. Ndiyo maana hata dizeli inafika kama kilo 2.7 kwa lita. Kando ya kila namba weka kitufe cha "imetokaje?", na maelezo yawe mafupi hivyohivyo.

Halafu kwenye uzi wako wa mwanzo uliweka picha ya programu yako ikimwandikia mtu "kilo 4.3718". Mkuu! Hiyo ni mpaka sehemu ya kumi ya gramu, na mtu safari yake kaikadiria kwa macho. Andika "kama kilo 4" utaaminika zaidi.

Bi_Saketi:
GPS muda wote usithubutu. Betri ikiisha saa nane mchana watajua mchawi ni nani.

Android na iOS zote zina huduma ya kutambua mwendo kwa vihisi vya simu: anatembea, anaendesha baiskeli, yumo ndani ya chombo. Haili betri kihivyo. Kasoro yake ni kwamba haijui kama chombo ni basi au gari binafsi, na hapo ndipo hesabu inapopinduka, maana moshi wa basi lililojaa wanagawana abiria wote. Kwa hiyo jioni uliza swali moja tu: "Ile safari ya asubuhi ilikuwa basi au gari?" Bonyeza, basi.

Na data za mahali zibaki kwenye simu ya mtu. Ukizipeleka kwenye seva umeshajitafutia kesi.

MzeeWaJedwali:
Mimi nauliza umeme. Unatumia kizidishio gani, yaani namba ya kuzidisha uniti upate kilo za hewa ukaa?

Nyayo_Kimya:
Nimechukua cha Uingereza, serikali yao inavitoa kila mwaka bure.

MzeeWaJedwali:
Nilijua tu. Cha petroli chukua, lita ni lita popote. Cha umeme hapana. Uniti moja iliyotoka kwenye makaa ya mawe inakaribia kilo nzima ya hewa ukaa, ya maporomoko ya maji ni kiasi kidogo sana. Muulize mtumiaji nchi yake, kisha tafuta kizidishio cha huko.

Tena kila kizidishio kihifadhi na mwaka wake. Mimi kwenye programu yangu niliwahi kubadilisha jedwali la vizidishio usiku bila kutunza la zamani. Asubuhi watu wanakuta kilo zao za mwezi uliopita zimeongezeka na wao hawajagusa kitu. Nilitukanwa wiki nzima.

Mkaidi_Tu:
Nitakuwa mchungu kidogo. Mnajua hili neno "nyayo za kaboni" lilivumishwa na BP, kampuni ya mafuta? Mwaka 2004 wakatoa hadi kikokotoo chao. Mwananchi ahesabu moshi wake, wao waendelee kuchimba. Mtu hachagui mtambo unaomletea umeme, sasa unamhukumu kwa lipi?

Bi_Saketi:
Mkaidi leo umesema kweli. Nyayo, tenganisha kwenye skrini: yaliyo mikononi mwake huku, yasiyo mikononi mwake kule. Na ile rangi nyekundu unayomwekea mtu kwenye namba zake iondoe, mtu hafungui programu ili asutwe.

Nyayo_Kimya:
Nyekundu inaondoka leo. Nimeamua maswali ya matumizi ya nyumbani yaulizwe mara moja siku ya kujiunga, safari zijazwe kwa swali la jioni, ndege mtu aingize akisafiri tu. Mkaidi, hoja yako sijaipatia jibu, nalala nayo.

Mdogo wangu nimemwachia huru, akitaka aifute.

Kipimajoto:
Toleo jipya likitoka litupie hapa. Nina simu kuukuu yenye betri mbovu, ndiyo kipimo chako.