Mjadala: Mazoezi ya kujipima kwenye kompyuta yahesabiwe alama?

Kalamu Kavu: Wakuu, chuoni kwetu kila mada kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, ina zoezi la kujipima. Sasa wanataka liingie kwenye matokeo, asilimia 10. Napinga. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walishaonyesha mwaka 2006: aliyejipima anakumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko aliyerudia kusoma. Alama za nini tena? Watu watakopi tu.

Bi Hesabu: Bila alama halifunguliwi. Nafundisha, naona. Mtu anabofya A, A, A mpaka mwisho, majibu yakitokea anapiga picha, anarusha kwenye grupu.

Mzee wa Bando: Maswali ya kuchagua ni uvivu wa walimu.

Bi Hesabu: Uvivu? Kaka, sikiliza. Bei 20,000, imepanda asilimia 10, ikashuka asilimia 10. Sasa ni ngapi? Anayechagua 20,000 haambiwi "umekosa, jaribu tena". Anaulizwa: "Asilimia 10 ya pili umeitoa kwenye bei ipi?" Kila jibu lisilo sahihi nalitungia maelezo yake. Wewe umetunga mangapi?

Mzee wa Bando: Sijatunga. Nimefanya, nikala sapu, mtihani nikarudia. Inatosha.

Nahodha: Dawa ipo humohumo Moodle. Unajibu, kisha unataja uhakika wako. Uhakika mkubwa: ukipatia, alama 3; ukikosa, hasi 6. Wa kati: 2 au hasi 2. Mdogo: 1 au sifuri. Profesa Gardner-Medwin wa chuo kikuu cha UCL, London, kautetea sana mtindo huu. Anayebahatisha akijifanya anajua, anaumia.

Mkeka wa Jumapili: Hasi sita! Mkuu, huo ni mkeka.

Ustadh: Yaani vijana wafundishwe kamari chuoni?

Nahodha: Ustadh, hakuna hela inayowekwa.

Ustadh: Na ada kalipa nani?

Mkeka wa Jumapili: Ustadh, tusionewe. Sisi tunapima uhakika kuliko wahadhiri wenu. Timu usiyoijua huiweki.

Bi Hesabu: Ndiyo maana kila Jumatatu unakopa nauli.

Mkeka wa Jumapili: Dada, hayo ya nauli yametoka wapi? Tulikuwa tunazungumza elimu.

Ustadh: Elimu gani? Jibu la kamari sijapewa.

Kalamu Kavu: Jamani, asilimia 10…

Mzee wa Bando: Mtandao ukikata katikati ya swali, hiyo hasi 6 ya nani?

Bi Hesabu: Yako. Nunua bando.