Mifupa 40, wapanda farasi 5 na mchawi mmoja: njia ipi ya kupaka rangi inamaliza jeshi?

Mlinzi wa Kaburi

Wakuu, salaam. Nina jeshi dogo la wafu ambalo karibu nimemaliza kuliunganisha: askari mifupa 40 wenye mikuki na ngao, wapanda farasi 5 na mchawi anayewaongoza. Jumla 46, visanamu vya plastiki vya mchezo wa vita wa mezani, kipimo cha milimita 28. Shida yangu ni muda. Napata saa moja hivi kila usiku, na nataka wote wawe mezani na rangi zao ndani ya miezi miwili. Yaani saa 60. Askari mmoja niliyempaka kwa namna niliyozoea, rangi moja baada ya nyingine mpaka kwenye vidole, alinila saa tatu. Mara 46 ni saa 138. Hesabu inakataa.

Nimesikia njia nne: rangi za msingi na kivuli kwa mafungu, rangi za mkupuo mmoja kama Contrast na Speedpaint, vanishi yenye rangi ya kuchovya, na brashi ya hewa. Namuomba aliyewahi kumaliza jeshi zima kwa mojawapo anieleze ilivyokwenda. Askari nataka wapendeze nikiwatazama nimesimama mezani. Mchawi nataka apendeze hata mtu akimshika mkononi.

Brashi Namba Mbili

Mkuu, kabla ya njia, mwangalie askari wako mwenyewe. Mwili wake karibu wote ni mfupa. Nguo ni kitambaa kimoja kiunoni, ngozi ni mkanda, chuma ni ncha ya mkuki. Kwa hiyo rangi kubwa kuliko zote ni ile ya praima, yaani mpako wa kwanza wa kupulizia unaoshikilia rangi nyingine, na praima ikiwa ya rangi ya mfupa tangu mwanzo, zaidi ya nusu ya kazi imeisha jioni ya kwanza.

Tikisa kopo dakika mbili kamili. Pulizia ukiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kisanamu, anza kubonyeza nje yake na uachie ukishakipita, ili matone mazito ya mwanzo na mwisho yaangukie pembeni. Siku yenye unyevu mwingi hewani usipulizie kabisa. Rangi inakauka ikiwa na vipele kama mchanga, na vipele hivyo hakuna kivuli kitakachovificha.

Baada ya hapo paka rangi ya kivuli ya kahawia, ile ya majimaji inayoshuka kwenye mikunjo, mwili mzima, huku ukiifuta pale inapotuama. Iache ipoteze mng'ao wote, kisha pitisha brashi kavu (iliyochovywa rangi kisha ikafutwa karibu yote) yenye rangi ya pembe ya ndovu kwenye mbavu, fuvu na magoti. Mpaka hapo hujafikiria chochote, mkono tu ndio umefanya kazi. Ndipo unakuja kwenye chuma, ngozi, mpini wa mkuki na nguo.

Paka kumi kumi. Ukimgusa wa kumi, wa kwanza ameshakauka, hakuna kusubiri. Ukizidisha hapo moyo unachoka. Niliwahi kupanga vibwengo 60 kwa pamoja. Kufika kwenye mikanda nikashindwa kuendelea, wakakaa miezi mitano hawajulikani wamepakwa au hawajapakwa.

Na tumia brashi namba 2 yenye ncha nzuri. Vile vibrashi vyembamba kama sindano hubeba rangi kidogo mno, inakauka kabla hujafika kwenye kisanamu.

Kibwengo wa Kijani

Ninamheshimu Namba Mbili ila mimi ni mtu wa rangi za mkupuo mmoja. Contrast za Games Workshop zilipotoka 2019 nilikuwa na majeshi mawili ya kijivu sandukuni, yote mawili sasa yana rangi. Rangi hizi ni za uwazi na zimekolea. Unapaka mara moja, yenyewe inashuka kwenye mikunjo na kuwa nzito huko, halafu inabaki nyepesi kwenye kingo. Kivuli na mwanga vinapatikana kwa mpako uleule.

Mimi natanguliza hatua moja ambayo wengi waliijua 2022 kwa jina la slapchopu. Praima nyeusi, brashi kavu ya kijivu kila mahali, brashi kavu ya nyeupe kutokea juu tu, kisha rangi za uwazi juu yake. Ule mwanga uliouweka kwa brashi kavu unaonekana kupitia rangi. Tumia brashi nene ya duara ya kupakia poda usoni, laini, haiachi michirizi kama brashi ngumu. Fungu la vibwengo 20 nililimaliza usiku wa tatu.

Brashi Namba Mbili

Kwa vibwengo sikatai, ngozi ya kijani inapenda giza. Mfupa hauipendi. Rangi ya uwazi ya mfupa ukiipitisha juu ya nyeusi na kijivu inatoka ya majivu, kama kitu kilichopitiwa na moto. Mtu akitaka mfupa mkavu uliopigwa jua, lazima chini kuwe kweupe au kwa rangi ya krimu.

Kibwengo wa Kijani

Hapo umesema kweli, nakubali. Mfupa wa majivu una uzuri wake kwa jeshi la kaburini, ila ni uamuzi wa kufanya mapema, usikukute katikati. Anayetaka mfupa mweupe aanze na praima nyepesi, apake Contrast moja kwa moja.

Niongeze udhaifu wake mwingine maana nimeulizwa ukweli: sehemu pana iliyo bapa. Kwenye ngao laini au joho lisilo na mikunjo rangi hizi hazina pa kushukia, zinatuama ovyo na kukauka na madoa yenye ukingo. Na ukikosea, huwezi kufunika kosa kwa rangi ileile, kwa sababu ni ya uwazi. Unarudi kwanza na rangi ya praima pale ulipoharibu, ndipo unapaka tena.

Fundi Vanishi

Nitetee kuchovya, maana naona watu wanaipita kimyakimya. Quickshade ya kopo ya The Army Painter ni vanishi iliyochanganywa na rangi ya kivuli. Unapaka rangi zako bapa tu, mfupa, chuma, ngozi, bila kivuli chochote, kisha vanishi inafanya kivuli na ulinzi kwa pamoja. Wana jeshi wangu wameanguka mezani mara nyingi na hawajachubuka.

Jina la kuchovya lisikudanganye. Usizamishe kisanamu kwenye kopo halafu ukakikung'uta. Vanishi itaruka ukutani, na itakayobaki itajaa katikati ya mbavu. Ipake kwa brashi kuukuu. Baada ya dakika chache rudi na brashi kavu uondoe yaliyojikusanya chini ya kidevu, kwapani na nyuma ya ngao. Brashi ioshe kwa tapentaini ya madini au spiriti nyeupe, maji hayaiwezi. Fungua dirisha, harufu yake ni kali.

Gharama yake ni subira. Iache siku nzima, mbili ni salama zaidi. Ikikauka inang'aa kama sahani iliyooshwa, kwa hiyo lazima upulizie vanishi isiyong'aa juu yake. Ila kwa mtu mwenye saa moja usiku hiyo subira haimgharimu kitu. Anapaka, analala.

Hewa na Rangi

Mimi ninayo brashi ya hewa na kompresa, na nakushauri usinunue kwa ajili ya jeshi hili. Inatia praima vizuri hata siku ambayo kopo la kupulizia lingegoma, inatandaza rangi kwenye joka au gari la vita kwa dakika chache, na ukipulizia nyeupe kutokea juu ya praima nyeusi unapata kivuli cha jua la utosini bila jasho. Lakini kuna rangi ya kuzimua mpaka itiririke kama maziwa, kuna presha ya kutafuta (mimi nakaa karibu na psi 20), kuna tundu linaloziba na kuna kuifungua na kuisafisha kila unapomaliza. Katika saa yako moja, robo inaondoka kwa kusafisha. Barakoa ya kuchuja vumbi la rangi nayo ni lazima, si hiari. Askari mifupa ni wembamba, rangi nyingi itapita kati ya mbavu iende zake.

Mlinzi wa Kaburi

Nawashukuru sana. Badala ya kubishana kichwani nilichukua askari watatu nikawapima kwa saa. Muda wa kukausha sikuuhesabu.

Wa kwanza, praima ya mfupa, kivuli, brashi kavu, kisha vitu vidogo: dakika 34. Wa pili, Contrast juu ya praima ya krimu: dakika 22. Wa tatu, rangi bapa na vanishi ya kivuli: dakika 19, halafu nikamngoja siku mbili na kumpulizia vanishi isiyong'aa.

Niliwasimamisha mezani nikarudi nyuma kama mita moja. Wa kwanza ndiye jicho linamwona kwanza. Ile brashi kavu inafanya fuvu lisomeke, matundu ya macho yana kina. Wa pili ni msafi, rangi zake zina uhai, ila ngao yake ina doa lilelile alilosema Kibwengo. Wa tatu yuko sawa akiwa peke yake, lakini ukimweka karibu na wenzake mfupa wake umegeuka wa kahawia mno. Nilitumia kopo la kivuli cha kati, huenda jepesi lingefaa zaidi.

Kilichonishangaza ni kule muda ulikokwenda kwa yule wa kwanza. Mfupa mzima ulinichukua dakika 9. Dakika 25 zilizobaki ziliishia kwenye mkanda, nguo, mpini na ngao, kwa sababu kila kimoja nilikipaka msingi, kisha kivuli, kisha mwanga.

Kibwengo wa Kijani

Basi jibu umelipata mwenyewe. Mfupa mpe Namba Mbili, vitu vidogo nipe mimi. Nguo, ngozi na mpini vipake Contrast mpako mmoja juu ya ule mfupa mwepesi na uviache. Chuma tumia rangi ya chuma ya kawaida kisha tone la kivuli cheusi. Utashuka chini ya dakika 20.

Kama una chupa za zamani za Speedpaint angalia ni za toleo gani. Zile za kwanza za 2022 zikiguswa na rangi nyingine yenye maji zinaamka na kuchanganyika nayo hata kama zimekauka. Nyekundu ya nguo itapanda kwenye mfupa mweupe ukijaribu kurekebisha. Toleo la pili la 2023 lilirekebisha tatizo hilo. Ukiwa na za kwanza, zipake mwisho kabisa, na vanishi iwe ya kupulizia, usipake kwa brashi.

Mama Joka

Nimewasoma wote na kuna mambo mawili hamjayagusa, nayo ndiyo yaliyoniokoa mimi nilipopaka wapanda farasi.

Kwanza ni kushika. Gundisha askari watano watano kwenye kipande cha ubao, waachane upana wa kidole. Unapaka nguo zote tano bila kuweka chini na kuokota. Muda mwingi wa kupaka fungu hupotelea kwenye kuokota. Wapanda farasi usiwapandishe kabla ya rangi. Paka farasi peke yake, mpanda farasi peke yake kwenye kijiti, uwaunganishe mwisho. Kinyume chake utahangaika na paja lisilofikika.

Pili ni kitako, kile kibao ambacho kisanamu kinasimama juu yake. Watu wanakiacha mwisho wakiwa wamechoka, kumbe ndicho kinachounganisha jeshi kuwa moja. Gundi nyeupe, mchanga, kahawia nzito, brashi kavu ya rangi ya vumbi, ukingo mweusi safi. Askari aliyepakwa kwa haraka akiwa na kitako nadhifu anapendeza kuliko aliyepakwa vizuri akasimama kwenye plastiki tupu. Hilo nimeliona mara nyingi mno. Mchanga ubandike kabla ya praima, nao upate rangi ya kushikilia.

Mchawi mweke kando. Usimchanganye na fungu. Akishakamilika jeshi lote, mpe zile saa zako tatu za zamani au hata sita, kwa raha. Yeye ndiye watu watamwinua mezani.

Mlinzi wa Kaburi

Dada, suala la ubao limenigusa, nilikuwa nashika mmoja mmoja.

Nimerudi na habari. Fungu la kwanza la kumi limekamilika kwa mchanganyiko huo: praima ya mfupa, kivuli cha kahawia, brashi kavu, kisha Contrast kwenye nguo na ngozi. Dakika 17 kwa askari mmoja, vitako vikiwemo. Kwa mwendo huo 40 wote ni saa 11 na dakika 20. Hata nikiwapa wapanda farasi saa mbili kila mmoja na mchawi saa sita, sifiki 28. Nimewapanga safu mbili juu ya kabati na kila nikipita nasimama kuwatazama.

Kimebaki kitu kimoja, ngao. Kumi hizi nilizipaka zikiwa mkononi mwa askari na nyuma yake sikufika vizuri. Za thelathini waliobaki bado sijazigundisha.

Mama Joka

Vizuri sana, basi usizigundishe. Zibandike zote 30 kwenye ubao kwa mkanda wenye gundi pande mbili, pulizia, paka alama yako kwa mkao mmoja. Nyuma paka kahawia moja tu. Lile tundu la katikati na ngumi ya askari vizibe kwa kipande kidogo cha mkanda kabla ya praima, kwa sababu gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi, inahitaji plastiki tupu.

Brashi Namba Mbili

Na alama iwe nyepesi kuchora. Mstari mmoja mnene wa rangi ileile ya nguo, kutoka juu hadi chini. Ukichagua fuvu utachora mafuvu 40.