Naomba ushauri: natakiwa kulipa kodi ya miezi 6, mwenye nyumba sijamwona

Habari zenu wakuu. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, hapa Dar es Salaam, sasa ni mwezi wa pili natafuta. Nimezunguka Sinza, Mwenge hadi Kimara. Kila dalali anataka hela ya usumbufu kwanza, halafu anakupeleka kwenye chumba kilichochukuliwa jana yake.

Juzi nikapata Tabata, sh. 200,000 kwa mwezi. Pazuri kusema kweli: vigae, Luku ya peke yangu, na bomba nilifungua mwenyewe maji yakatoka (nyumba niliyoona kabla ya hiyo, bomba lilikohoa tu). Wanataka miezi 6 kwa mkupuo, yaani 1,200,000, na ya dalali 200,000 juu.

Tatizo, mwenye nyumba anasemekana yuko Mwanza. Ninayeonana naye ni dalali na kijana anayejiita msimamizi. Namba ya kulipia inaleta jina tofauti na lililo kwenye mkataba. Nilipouliza nikaambiwa ni mke wake. Nimeomba niongee na mwenye nyumba kwa simu ya video, mtandao unasumbua, eti kila siku. Na ninapokaa natakiwa nihame mwisho wa mwezi.

Naomba kujua: nikienda ofisi ya serikali ya mtaa peke yangu, bila dalali, watakubali kunithibitishia mmiliki ni nani? Na aliyewahi kumshusha mwenye nyumba hadi miezi 3, ulimwambiaje?