Kitabu cha mama na mtoto: Siku Njema, Watoto wa Mama N'tilie au Mwana Kupona?

Upawa:
Wakuu, habari za jioni. Natafuta kitabu cha Kiswahili chenye mapenzi ya mama na mwanawe. Nimechuja vimebaki vitatu: Siku Njema cha Ken Walibora, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, na Utenzi wa Mwana Kupona. Kesho asubuhi napita Kariakoo. Nibebe kipi?

Kinu_na_Mchi:
Unamnunulia nani? Mtoto, mchumba, mama mkwe? Umri? Una shilingi ngapi? Mnakuja kuomba dawa hamsemi mnaumwa wapi.

Mvuja_Jasho:
Siku Njema, tufunge mjadala. Zainab Makame, mwimbaji wa taarabu Tanga, anamlea mwanawe bila baba huku watu wanamsema. Anafariki mapema, na kijana anaondoka kwenda Kitale kumtafuta baba. Ila mimi kila nikikisoma naona anayemtafuta ni mama.

Kinu_na_Mchi:
Yaani zawadi yenyewe mama anakufa. Narudia: ni ya nani?

Bahari_Kuu:
Hizo riwaya ziwekeni pembeni. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mama wa pwani, anaumwa, anamwita bintiye Mwana Hashima akae karibu, ashike wino na karatasi, amwachie maneno. "Negema wangu binti," yaani nisogelee binti yangu. Basi mimi hapo tu nimekwisha. Mwana Kupona hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Shubiri:
Mapenzi gani hayo, binti anausiwa mume akilala ampapase na asikose wa kumpepea? Hizo ni kanuni za ndoa zimetiwa vina.

Bahari_Kuu:
Dada yangu, soma kwa utuo. Kuna radhi tano pale: Mungu, Mtume, baba, mama, ndipo mume. Wa tano huyo! Halafu angalia anavyomwita bintiye: "Mama pulika maneno," yaani mama sikiliza maneno. Mama mzima, mgonjwa, anamwita mwanawe mama. Sisi wa pwani mpaka leo mtoto wa kike akilia unamwambia nyamaza mama. Ukilielewa hilo huoni tena kanuni.

Shubiri:
Wa tano kwenye orodha, lakini beti nyingi kachukua yeye.

Upawa:
Samahani, nilikuwa jikoni. Ni ya mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, kidato cha kwanza, nakaa naye mimi. Mama yake yuko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa tatu huu. Pesa katuma yeye, elfu arobaini, kasema chagua chochote cha mama na mtoto.

Kinu_na_Mchi:
Umeona sasa? Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo! Siku Njema kifute. Mama hayupo, mtoto kaachwa kwa jamaa na huko anateswa. Mama mdogo unampa mtoto kitabu hicho kwa mkono wako mwenyewe?

Upawa:
Hahaha, simtesi jamani. Labda vyombo.

Mvuja_Jasho:
Mnakionea kitabu. Ila kama unakinunua, kague kurasa kabla hujalipa. Mimi niliagiza cha mama yangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei nusu. Kikaja kimefungwa vizuri, kumbe ni fotokopi. Kurasa za katikati zimejirudia mara mbili na za mwisho hakuna kabisa. Sikujua, nikampelekea Handeni. Mama anasoma usiku kwa tochi, polepole, wiki tatu. Siku moja ananipigia: "Mwanangu, huyu kijana baba yake alimpata?" Nikaona aibu kusema nimempa kitabu kibovu. Nikamtungia mwisho palepale kwenye simu: akarudi Tanga, akaoa, akafungua duka. Mama akaniuliza, "Duka la nini?" Nikasema la vitenge. Mpaka leo akikutana na mtu anamsimulia kitabu cha yule mtoto wa mwimbaji mwenye duka la vitenge. Muuzaji nilimwandikia mara nne, kaniblok.

Mpiga_Kasia:
La vitenge!! Nimecheka mpaka konda kaniangalia.

Tende_Halua:
Mbona hamtaji Takadini cha Ben Hanson? Sekai amekaa miaka bila mtoto, anajaliwa mwenye ualbino, wazee wa kijiji wanataka auawe, anatoroka naye mgongoni. Mama wa kweli huyo.

Kinu_na_Mchi:
Kitabu kizuri, na tafsiri ya Kiswahili ipo.  Ila huyo mtoto atakutana nacho shuleni tu.

Tende_Halua:
Basi hata cha Mama N'tilie ni cha shule, kidato cha tatu na nne. Mnamharibia. Kitabu ukishakijibia maswali ya "taja wahusika na sifa zao" hukipendi tena.

Mpiga_Kasia:
Mimi nilikipenda hivyohivyo. Mama anauza chakula, mume Lomolomo anakunywa, Peter na Zita wamerudishwa kutoka shule kwa ada na sare. Huyo binti atamuona mama yake wa Muscat mle bila kuambiwa. Tena ni chembamba.

Upawa:
Wembamba ni muhimu, nilisahau kusema. Zinahitajika nakala mbili. Dada anataka wasome pamoja, kila usiku sura moja, halafu waongee WhatsApp. Ya kwake itaenda na mtu anayeruka Alhamisi na kasema begi limeshajaa.

Kinu_na_Mchi:
Wewe dada una mambo. Kila jibu unalo umelificha kwenye upawa.

Upawa:
Niko Kariakoo. Mama N'tilie zimejaa. Siku Njema iko moja, nimehesabu kurasa zote zipo. Nimeulizia Mwana Kupona, muuzaji kaniuliza huyo anaimba bendi gani.

Bahari_Kuu:
Astaghfirullah. Sikiliza, huo hauhitaji begi. Nitaurekodi kwa sauti, beti kumi kumi, nikutumie inboksi na maneno magumu nimeyaeleza. Uwatumie wote wawili.

Shubiri:
Za kupepea uziruke.

Bahari_Kuu:
Siruki hata moja.