Seva ya nyumbani ya mafaili na bekapu: Raspberry Pi, kompyuta ya ofisini ya mtumba, au NAS ya dukani?

tandika_2
Wakuu, nisaidieni kuchagua. Nyumbani kuna laptopu tatu (Windows mbili, Mac moja), simu nne za Android, na picha na video kama TB 1.2 zilizotapakaa kwenye diski za nje. Nataka vyote vikae mahali pamoja, simu zipandishe picha zenyewe, na laptopu zichukuliwe bekapu kila usiku. Nipo Dar, natumia LUKU, na umeme unakatika. Nimebaki na njia tatu: Raspberry Pi 5 na diski za USB, HP EliteDesk au Dell OptiPlex ya mtumba, au Synology ya diski mbili (NAS, yaani boksi la diski la kwenye mtandao). Ipi?

fundi_sata
Mtumba, ila angalia umbo kwanza. Hizi kompyuta za ofisini zina maumbo matatu: mnara, SFF ile bapa, na mini ya kushika kwa mkono mmoja. Mini haina nafasi ya diski ya inchi 3.5, kwa hiyo ukiichukua utaishia kwenye diski za USB kama mwenye Pi. EliteDesk 800 SFF za G3 na G4 kwa kawaida hupokea diski mbili za inchi 3.5, wakati OptiPlex SFF nyingi ni moja tu. Mwambie muuzaji afungue kifuniko uone kabla hujatoa hela.

i5 ya kizazi cha 6 au 7 inatosha, usilipie i7. RAM GB 8 ni sawa kwa kuhifadhi tu. Weka 16 kama utaendesha Immich, programu ya kutunza picha, itambue nyuso. Mfumo uweke kwenye SSD ndogo ya peke yake ili diski kubwa zibaki za data tu. Na badilisha betri ya CR2032 siku hiyohiyo. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika mipangilio ya BIOS inapotea, na mashine nyingi husimama kwenye skrini nyeusi zikisubiri ubonyeze kitufe, na seva yako haina hata kibodi.

Tahadhari moja ya waya: ukikosa tundu la umeme wa SATA, usinunue kigeuzi cha Molex kwenda SATA ambacho kichwa chake kimemiminwa plastiki. Nyaya za ndani hugusana na kuungua. Tafuta chenye kichwa cha kubana, ambacho unaweza kuona kila waya ulipoingia.

waya_mweusi
Pi isitupwe haraka hivyo. Na diski mbili za inchi 2.5 inakula kama wati 10. Kasoro zake zinajulikana. Pi 5 isipokuwa na chaja ya ampea 5, matundu yote ya USB kwa pamoja yanapata ampea 0.6 tu, hivyo diski ya kwanza itawaka na ya pili itapotea katikati ya kunakili. Chukua chaja yake ya wati 27, au tumia boksi la diski lenye umeme wake. Mfumo usikae kwenye kadi ya SD. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, kadi ndiyo ya kwanza kufa.

Tatizo kubwa ni chipu za maboksi ya USB. Baadhi zinaficha taarifa za SMART (ripoti ya afya ya diski), na nyingine zinatoa namba moja ya utambulisho kwa diski zote mbili. Hapo RAID (kuunganisha diski zifanye kazi kama kundi) ya aina yoyote inakuwa kamari. Kwa hiyo Pi naikubali kama kituo cha bekapu cha pili, kwenye nyumba nyingine, chenye diski moja. Seva kuu hapana.

pwani_io
Mombasa hapa. Nitaitetea Synology, maana hakuna aliyeuliza seva hii itatunzwa na nani. DS224+ ina programu ya picha ya simu, bekapu ya Windows, Time Machine ya Mac na usimamizi wa UPS (betri ya akiba), vyote vikiwa tayari, na unavipanga jioni moja. Kwa mtu asiyetaka kugusa amri hata moja ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa bei hiyohiyo lakini unapata Celeron J4125 na RAM GB 2, ambayo ni ndogo kuliko mashine yoyote ya mtumba iliyotajwa hapa. Ikiharibika ubao, diski zake zinasomeka kwenye Linux kwa zana za mdadm na LVM, si kwamba data imefungwa humo. DS223j iache, RAM yake ni GB 1 na haiongezeki.

Chochote utakachochukua, usifungue tundu lolote la mtandao (port) kwenye ruta ili ukifikie ukiwa nje. Mwaka 2022 kirusi cha kudai fidia, DeadBolt, kilifunga mafaili kwenye NAS nyingi za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Na intaneti ya simu mara nyingi haikupi anwani ya IP ya peke yako hata ukitaka. Weka WireGuard au Tailscale, yaani VPN.

luku_mita
Hesabu ya umeme: SFF na diski mbili zikiwa zinazunguka ni kama wati 25. Mara saa 720 za mwezi ni uniti 18. Synology karibu wati 15, uniti 11. Pi uniti 7. Kwa walio T1 (daraja la kawaida la TANESCO), ambako uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, SFF ni kama 6,400 kwa mwezi na tofauti na Synology haifiki 3,000. Aliye D1 (daraja la watumiaji wadogo) afikirie mara mbili: kama tayari unachungulia uniti 75 kwa mwezi, hizi 18 ndizo zitakazokuvusha kwenye bei ya juu.

Sasa kukatika. Mpangilio ni ukutani, halafu kinga ya volti ile ya friji, halafu UPS, halafu seva. Kinga pekee haitoshi kwa sababu inakata umeme ghafla na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kazi ya UPS ni kuziba muda huo. UPS ya 650VA ina betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Kwa wati 25 hadi 30 unapata muda wa kutosha kuzima kwa utaratibu, usitegemee zaidi.

Nunua yenye tundu la USB, weka NUT (programu ya kuzungumza na UPS), na kwa UPS nyingi za bei nafuu dereva ni `nutdrv_qx`. Kama yako haina USB, chomeka ruta kuukuu moja kwa moja ukutani, kisha seva iipigie `ping` kila dakika. Ikikosa jibu mara tano mfululizo, ijizime.

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Seva imejizima, betri ya UPS bado ina chaji, umeme unarudi. Kwa upande wa kompyuta umeme haukuwahi kukatika, kwa hiyo ile "washa umeme ukirudi" ya BIOS haifanyi kitu na seva inabaki imelala. Tiba rahisi: kwenye BIOS za Dell na HP kuna kuwasha kwa saa maalumu kila siku. Weka saa 11 alfajiri.

hash_256
Mnajadili maboksi, wakati data inakaa kwenye diski. Kwa bajeti ndogo, punguza kwenye mashine, siyo hapa.

Nunua diski za CMR, siyo SMR; hizi ni namna mbili za kuandika data. SMR hupandanisha njia za kuandikia kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha njia moja kunalazimisha kuandika upya za jirani. Kwa kazi ya kawaida hutaona kitu; siku diski moja ikifa na unajenga upya pacha wake, inazama na inaweza kutolewa kwenye kundi kabisa. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR. WD Red isiyo na neno Plus, za TB 2 hadi 6, ni SMR. Barracuda ya TB 4 (ST4000DM004) ni SMR, na ndiyo imejaa madukani.

"Mpya" ihakikishwe. Mwaka 2025 diski za Seagate zilizokwishatumika ziligundulika zikiuzwa kama mpya, saa zake za matumizi kwenye SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Endesha `smartctl -l farm /dev/sda` (inahitaji smartmontools 7.4; Debian 13, mfumo wa Linux, inayo) na ulinganishe saa za FARM, kumbukumbu ya ndani ya Seagate, na za SMART. Zikipishana sana, irudishe. Kisha `badblocks -wsv -b 4096`, ambayo inafuta kila kitu na kwa TB 4 inachukua kama siku mbili na nusu. Ikimaliza, tazama SMART namba 5, 197 na 198. Zote ziwe sifuri. Namba 199 ikipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kulaumu diski.

Kuunda pacha (diski mbili zenye data ileile) kwenye Debian: washa hazina ya contrib, zima Secure Boot (la sivyo moduli ya ZFS, mfumo wa mafaili utakaoziunganisha, haitapakiwa), kisha:

`apt install linux-headers-amd64 zfs-dkms zfsutils-linux`

`zpool create -o ashift=12 -O compression=lz4 -O atime=off -m /ghala ghala mirror /dev/disk/by-id/ata-YA-KWANZA /dev/disk/by-id/ata-YA-PILI`

Tumia by-id, maana sda na sdb hubadilishana majina ukihamisha kebo. Snapshoti, yaani picha za hali ya data kwa wakati fulani, ziachie programu ya sanoid. Ukaguzi wa data nzima Debian inaufanya yenyewe Jumapili ya pili ya mwezi.

tandika_2
Nimewaelewa, naelekea SFF na IronWolf mbili za TB 4. Kwa hiyo nikishakuwa na diski pacha, bekapu si imeshakamilika?

hash_256
Hapana, mkuu. Ukifuta folda, pacha naye anafuta sekunde hiyohiyo. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote mbili. Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa, nayo ni hivyohivyo, inasambaza na makosa.

fundi_sata
Ongeza diski ya tatu ya nje, ikae kwa ndugu. Tumia restic, programu ya bekapu: `restic -r /mnt/nje/restic backup /ghala/picha`, kisha `restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune`. Nenosiri liandike kwenye karatasi na ulihifadhi mbali na seva, kwa sababu likipotea hakuna wa kukufungulia. Nakala ya kwanza ifanyie nyumbani: TB 1.2 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni siku 11 mfululizo, wakati kwa USB 3 ni saa chache. Baada ya hapo Pi ya waya_mweusi ikae huko na `rest-server --append-only` (seva ya restic inayopokea nakala mpya tu), ili hata laptopu ikishikwa na kirusi, kisiweze kufuta nakala za zamani.

Kila mwezi fanya `restic check --read-data-subset=5%`, na urejeshe folda moja kwenye laptopu ambayo si ya kwako uifungue.