Maelekezo ya msimu yanayofika msimu ukiwa umekwisha: sisi wa vuli na masika tunaandikiwa na nani?

Ndugu zangu wakulima na wafugaji,

Nimenyamaza kwa muda nikitumaini kwamba mambo yangerekebishwa bila kelele, lakini msimu mwingine umepita kwa utaratibu uleule na sasa naona heri tuyaseme hadharani. Maelekezo ya msimu tunayoletewa sisi wa mikoa ya mvua mbili yanaandikwa kana kwamba nchi nzima inanyeshewa mvua moja, na hata yale machache yanayotuhusu hutufikia wakati kazi yenyewe imeshapitwa.

Hili si jambo la kuhitaji mtaalamu kutoka mbali. Dodoma, Singida, Tabora, Rukwa, Mbeya, Ruvuma hadi Mtwara wana msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuisha kama Aprili. Kilimanjaro, Arusha, Tanga, pwani ya kaskazini na Kanda ya Ziwa tuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hutoa utabiri wa vuli peke yake, wa msimu ule mmoja mrefu peke yake na wa masika peke yake. Inakuwaje basi utabiri uliotenganishwa kwa uangalifu kiasi hicho, ukishapita katika ofisi mbili tatu, utoke ukiwa karatasi moja inayomwambia mtu wa tambarare za Same apande mahindi ya muda mrefu mwezi Desemba? Vuli ikikatika, mahindi hayo yatakuwa na majani machache tu, na jua la Januari na Februari litayamaliza kabla masika hayajafika. Vuli inataka mbegu inayokomaa mapema, kunde na choroko, na inataka shamba liwe limeshaandaliwa Septemba, wakati ambapo hakuna ujumbe wowote unaoingia kwenye simu zetu.

Mbolea nayo ina kisa chake. Masika yaliyopita maelekezo ya kuweka mbolea ya kukuzia yalitufikia mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, ilhali kazi hiyo hufanywa mahindi yakiwa usawa wa magoti, udongo ukiwa na unyevu na mmea ukiwa bado unajenga mwili. Tena maelekezo hayakusema neno lolote kuhusu kuifukia. Wapo majirani waliotii, wakamwaga urea juu ya udongo mkavu, chembe nyeupe zikabaki zinang'aa juani. Urea iliyoachwa hivyo hupoteza naitrojeni nyingi hewani ikiwa gesi ya amonia, kwa hiyo mkulima ameinunua mbolea, ameibeba hadi shambani, halafu ameilisha upepo. Anayeandika maelekezo bila mstari huo mmoja wa kufukia ajue kwamba anawatia watu hasara.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata, tungetegemea kwamba kufikia sasa kila ofisi ya kilimo ingekuwa imeshajua kuwa mdudu huyu hupigwa akiwa mdogo. Ukifunua moyo wa hindi lililoshambuliwa unakuta kinyesi chenye unyevu kama unga wa mbao kimeziba kabisa, na chini yake kiwavi mnene amejifungia mahali ambapo dawa haimfikii. Tangazo la kukagua mashamba lililetwa mahindi yakiwa katika hali hiyo. Ukaguzi huanza wiki za mwanzo baada ya mahindi kuota, jani likiwa na vidirisha vidogo tu vya kuparuliwa, na dawa hupigwa asubuhi mapema au jioni. Kutangaza baadaye ni kuwachangia wauza dawa.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni mifugo, ambayo katika maelekezo haya hupewa aya moja ya mwisho, kama vile mwenye shamba na mwenye ng'ombe ni watu wawili. Wengi wetu ni mtu yuleyule. Mvua inayootesha mahindi yangu ndiyo inayoamsha kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, ndama wakaanza kuvimba matezi chini ya sikio, wakapata homa na kupumua kwa shida. Wakati huo ndio wa kuogesha kila wiki bila kukosa. Josho letu lilikuwa na tope la mwaka jana na majani yaliyooza, na tulipouliza tuliambiwa dawa iko kwenye mchakato. Dawa ilikuja kiangazi, kupe wakubwa wakiwa wamepungua wenyewe, tukaitwa kwa msisitizo mkubwa tulete ng'ombe. Waliokufa hawakuweza kuitikia wito.

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa kwenye udongo wa mabonde yakiwa makavu, tena kwa miaka, kisha mvua kubwa ikituamisha maji huanguliwa kwa wingi. Mlipuko wa 2006/07 ulifuata mvua kubwa za vuli, ukaua mifugo na watu. Chanjo yake haina maana kubwa ikiletwa baada ya wanyama kuanza kutupa mimba, na sindano moja ikipita kwa wanyama wengi wakati ugonjwa umeshaingia inaweza kuueneza yenyewe. Utabiri wa vuli yenye mvua za juu ya wastani hutolewa kabla mvua hazijaanza. Muda huo ndio wa kuchanja. Kwetu muda huo huisha kwa vikao.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Anayetaka vitoto vizaliwe Aprili, majani yakiwa tele na mama akiwa na maziwa, humwachia beberu mwezi Novemba, na kabla ya hapo huwapa majike dawa ya minyoo na lishe ya ziada. Ushauri wa kuandaa mabeberu tuliupata Aprili. Mtu akiufuata, vitoto vinazaliwa Septemba, wakati mama zao wanatafuna mabua. Na hayo mabua yenyewe hakuna anayetuelekeza kuyakata na kuyaweka kivulini mara baada ya mavuno. Huachwa shambani yakaliwa na mchwa, kisha tunashangaa wafugaji wanapoingia mashamba ya watu kutafuta malisho. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, eneo linalofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, na hawakuanza kwa kuletewa kipeperushi.

Kuhusu mavuno sitasema mengi: kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13, kuyaanika juu ya turubai na si juu ya udongo, kuyakinga na dumuzi, mdudu anayetoboa punje, na sumukuvu, sumu ya ukungu, yote haya ni ya kuambiwa kabla ya kuvuna. Baada ya gunia kufungwa ni porojo.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu tumeshalipewa: tabianchi imebadilika na mvua hazitabiriki. Ni kweli mvua huchelewa au huwahi, lakini kuchelewa huko hakuelezi kwa nini josho halikuwa na dawa, wala hakubadilishi miezi ya mimba ya mbuzi.

Tunachodai kinawezekana. Maelekezo ya mikoa ya vuli na masika yaandikwe peke yake, yatoke kabla ya Septemba kwa vuli na kabla ya Februari kwa masika, na kilimo na mifugo viwe ndani ya ratiba moja, iliyosomwa na afisa ugani wa kata kabla haijachapwa. Tarehe za josho na za chanjo zibandikwe ofisi ya kijiji pamoja na jina la cheo cha anayewajibika dawa isipofika. Walioko Kanda ya Ziwa na Tanga naomba mweke hapa chini mwezi mliopokea maelekezo ya masika yaliyopita, na kama josho lenu lilikuwa na dawa wakati huo, ili barua tutakayoipeleka wilayani isiwe ya kata moja.